Matairi ya A/T kwa pikapu ya Kanda ya Ziwa: anza na mzigo na ubavu, kashata zifuate

Mtu akiingia duka la matairi hapa Mwanza, jicho lake linakwenda kwenye kashata kwanza, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Akiziona nene, zimeshuka mpaka mabegani, anaona amepata tairi la kazi. Lakini tairi la pikapu huku kwetu likifa mapema, mara nyingi linakufa na kashata zake bado zipo. Limechanwa ubavu na jiwe, au limepasuka kwa joto kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa na upepo ulikuwa mdogo. Ndiyo maana naupanga mwongozo huu wa kununua matairi ya A/T, yaani yale ya kutembea kwenye lami na nje ya lami, kinyume na mazoea ya dukani.

Nazungumzia pikapu tunazoziona kila siku barabara ya Musoma na ya Shinyanga: Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200. Zinazobeba sangara na barafu kutoka mwaloni (ufukoni samaki wanakoshushwa), simenti kwenda saiti, mpunga kutoka Magu, au mafundi na vifaa vyao.

Hatua ya 1: Soma matairi ya zamani kabla hayajatoka

Tairi lililoisha linakueleza hali ya gari. Ukilitupa bila kulisoma, jipya nalo litaliwa vilevile. Egesha gari mahali pa tambarare, kata usukani mpaka mwisho, kisha pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje.

Likiwa limelika upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, alaimenti imeharibika, au tairodi na boli jointi zimelegea. Likiwa limelika mabega yote mawili na katikati bado pana kashata, lilikuwa linatembea na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati tu, upepo ulizidi. Kiganja kikihisi mabonde na vilima kuzunguka tairi zima, angalia shokapu na balansi. Matatizo haya yatengenezwe kwanza. Mtu anayeweka matairi mapya juu ya shokapu zilizokufa anachoma hela yake, na muuza matairi hana sababu ya kumwambia.

Kwenye mitaro ya kashata kuna vipande vidogo vya mpira vilivyonyanyuka, urefu wake milimita 1.6. Kashata zikishuka mpaka usawa wa vipande hivyo, tairi limekwisha. Kwa anayepita matope na lami yenye maji, mimi nasema usingoje zifike hapo. Anza kutafuta mapya zikibaki milimita 3, maana tangu hapo maji yanapata nafasi ndogo ya kutoka chini ya tairi.

Hatua ya 2: Gari lako linashinda wapi?

Hapa watu wengi wanajibu kwa kukumbuka ile siku moja waliyokwama. Jibu kwa kuangalia wiki ya kawaida.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, unatoka Mwanza unafika Sengerema mpaka Geita juu ya lami, bila kungoja kivuko. Barabara ya kwenda Magu mpaka Musoma ni lami, ya kwenda Misungwi mpaka Shinyanga ni lami. Kama kazi yako yote iko kwenye njia hizo na mitaa ya mjini yenye lami, huhitaji A/T. Nunua tairi la barabara, lile linaloandikwa H/T. Halipigi kelele, linakula mafuta kidogo, linashika lami yenye maji vizuri zaidi, na kwa kawaida bei yake ni ndogo.

A/T inaanza kuwa na maana pale ambapo sehemu kubwa ya safari zako inaacha lami. Na nje ya lami huku kwetu kuna ardhi za aina tofauti. Kuna vilima vya mawe: vichochoro vya Mabatini, Igogo, Isamilo na milima mingine ya mji, ambako jiwe limetokeza ardhini na ncha yake haijawahi kulainika. Kuna barabara za changarawe za vijijini. Kuna luseni, ule udongo wa mchanga wa Usukumani, pamoja na mchanga wa mialoni. Halafu kuna mbuga, udongo mweusi wa mabondeni kuelekea Magu na Kwimba, ambao kiangazi unapasuka nyufa na ukinyeshewa unageuka gundi.

A/T nzuri inamudu vilima, changarawe na mchanga. Mbuga iliyolowa haimudu, na muuzaji akikuahidi vinginevyo usimwamini. Udongo ule unajaa kwenye mitaro ya kashata na kubaki humo, na baada ya mizunguko michache tairi linakuwa laini kama ndizi iliyomenywa. Tairi la matope, lenye herufi M/T, lina mitaro mipana inayoutupa udongo nje linapozunguka. Lakini M/T hiyohiyo inavuma kwenye lami, inaisha haraka, na kwenye mvua inateleza kona ambayo A/T ingeishika. Kwa mtu anayeingia mbugani siku chache tu za mwaka, ushauri wangu ni kununua A/T, kuweka kamba na koleo garini, na kuiacha njia ikauke kabla ya kuingia. Kwa anayeishi na kufanya kazi humo masika nzima, M/T ni haki yake.

Hatua ya 3: Saizi

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kinachotaja saizi ya tairi na upepo wake. Usikubali kuchukua saizi kutoka kwenye tairi lililofungwa sasa, kwa sababu mwenye gari aliyekutangulia anaweza kuwa alibadilisha.

Chukua mfano wa 265/65R17, saizi ya pikapu nyingi za kisasa. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 172. Namba 17 ni inchi za rimu. Pikapu za zamani za kazi utazikuta na 205R16C au 225/70R15C. Hiyo C ya mwisho inamaanisha tairi la gari la kubebea mizigo, na usiiache ipotee unaponunua.

Vijana wengi wanapenda kupanda saizi ili gari linyanyuke. Ukitoka 265/65R17 ukaweka 265/70R17, kipenyo kinatoka kama milimita 776 kwenda 803, ongezeko la asilimia 3 na nusu hivi. Spidomita ikikuonyesha 80, wewe uko karibu 83. Gari linakuwa zito kuondoka, breki zinafanya kazi zaidi, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi linaweza kugusa madigadi. Tena spea yako inabaki ndogo kuliko mengine. Mimi nashauri ubaki kwenye saizi ya kiwandani. Ukilazimika kubadilisha kwa sababu haipatikani, tafuta inayolingana kipenyo: 265/70R16 kwenye rimu ya 16 inatoa milimita 777, karibu sawa kabisa na 265/65R17.

Hatua ya 4: Mzigo

Baada ya saizi, ubavuni kuna namba nyingine na herufi, kwa mfano 112S. Namba hiyo ndiyo mzigo ambao tairi moja limeruhusiwa kubeba, kwa msimbo. Chache za kukariri: 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, 120 ni kilo 1,400. Zikiandikwa mbili, kama 112/110, ya kwanza ni ya tairi moja moja na ya pili ni ya matairi pacha, kwa hiyo wewe wa pikapu unasoma ya kwanza. Herufi inayofuata ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190. Herufi isikusumbue sana. Namba ndiyo ya kushikilia.

Sasa piga hesabu. Mfuko wa simenti ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja, na sehemu kubwa ya tani hiyo inakaa juu ya ekseli ya nyuma. Tuseme ekseli ya nyuma, pamoja na uzito wa gari lenyewe, inabeba kilo 1,800. Kila tairi la nyuma lina kilo 900. Tairi la 104 liko ukingoni hapo, halina akiba hata ya kilo moja. Gari likiinama upande mmoja kwenye shimo, mzigo unahamia tairi moja na akiba inayotakiwa haipo. Usishuke chini ya namba iliyotoka kiwandani, na kama unabeba kila siku, panda juu yake.

Hapo ndipo matairi yenye herufi LT (Light Truck, gari dogo la mizigo) mbele ya saizi yanapoingia. LT265/65R17 kwa kawaida inaandikwa 120/117 na plai 10, ikiwa na herufi E ya daraja la mzigo. Plai 8 ni D, plai 6 ni C. Plai hizo ni kipimo cha nguvu, hazihesabu nyuzi zilizomo ndani. Lakini zingatia hili, maana linawapita hata mafundi wazoefu: tairi la LT linabeba ule mzigo wake mkubwa likiwa na upepo mwingi. Kilo 1,400 za daraja E ni kwa upepo wa PSI 80 likiwa baridi. Ukiweka upepo uleule wa 30 na kitu ulioandikwa mlangoni kwa ajili ya tairi la kawaida, LT itabeba pungufu ya tairi ulilolitoa. Ukihamia LT, omba jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji, halafu weka upepo unaolingana na mzigo wako. Upande wa pili, asiyebeba chochote zaidi ya familia hana sababu ya kununua daraja E. Gari litakuwa gumu, litamtikisa, na kwenye mvua nyuma itakuwa nyepesi kuteleza.

Hatua ya 5: Ubavu

Mwambie kijana wa duka alitoe tairi kwenye rafu, alilaze chini. Sogea karibu na mwanga. Kwenye ubavu wa matairi mengi kuna mstari wa herufi ndogo sana, karibu na mdomo wa tairi, unaosema limejengwa kwa nyuzi gani. Utaona neno TREAD na vitu vilivyo chini ya kashata, kisha neno SIDEWALL na namba, kwa mfano 2 POLYESTER. Namba hiyo ndiyo idadi ya tabaka za nyuzi ubavuni. Tairi nyingi za barabarani zina tabaka moja au mbili. A/T za kazi nzito zina mbili na baadhi zina tatu. Kwa anayepanda vilima vya mawe vya Mwanza kila siku, hilo la tatu lina thamani kuliko umbo lolote la kashata.

Angalia pia bega, pale kashata zinapokutana na ubavu. A/T nzuri ina vipande vinene vya mpira vinavyoshuka kutoka begani. Jiwe likisugua pembeni, linakula mpira huo kwanza kabla ya kugusa nyuzi.

Kwa nini nang'ang'ania ubavu? Kwa sababu msumari ukiingia katikati ya kashata, tundu lisizidi milimita 6, fundi analiziba vizuri na unaendelea na kazi. Ubavu ukichanika hauzibiki. Mafundi watakushonea, watakubandikia kiraka kwa ndani, lakini ubavu ndio unaokunjika na kukunjuka kila mzunguko, na kiraka kitaachia ukiwa kwenye mwendo na mzigo. Tairi lililochanwa ubavu mpaka nyuzi zikaonekana, au lililotoa nundu kama yai, limekwisha, hata kama kashata zake ni za juzi.

Hatua ya 6: Sasa kashata

Herufi A/T zenyewe hazina kipimo cha sheria. Kila kiwanda kinaamua kipi kiitwe hivyo, ndiyo maana utakuta A/T iliyo karibu na tairi la lami na nyingine iliyo karibu na la matope. Alama ya M+S (matope na theluji) nayo inawekwa na kiwanda chenyewe. Alama ya mlima wenye theluji ni ya kipimo cha theluji, kwa hiyo huku Ziwa usiilipie.

Angalia mambo mawili. La kwanza, mikato midogo kwenye kila kipande cha kashata. Ndiyo inayoshika lami yenye maji, kama mteremko wa Bugando mvua ikikatika. Kashata nene zisizo na mikato zinavutia macho na zinateleza. La pili, chini ya mitaro kuwe na vinundu vidogo vya kusukuma mawe nje. Kokoto ikinasa kwenye mtaro na kubaki, kila mzunguko inachimba kuelekea waya. Toa kokoto hizo kwa bisibisi butu kila baada ya safari ya changarawe.

Hatua ya 7: Umri

Tafuta herufi DOT ubavuni. Msimbo mzima, pamoja na namba nne za mwisho, mara nyingi uko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo upande wa kwanza usipouonyesha, geuza. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka: 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024.

"Bosi, hizi mpya kabisa, zimeingia juzi," atakwambia. Mjibu kwa upole: "Sawa kaka, nigeuzie nione tarehe." Tairi linaweza kuwa limeingia dukani juzi na limetengenezwa miaka 5 iliyopita. Mpira unazeeka hata ukiwa haujakanyaga barabara, na jua linauharakisha. Mimi sinunui lililozidi miaka 2. Likifika miaka 6 garini, lichunguzwe kila mwaka, na likifika 10 litoke hata likiwa na kashata.

Kuhusu mtumba nitasema kwa kifupi: sishauri kwa gari la mzigo. Huwezi kujua lilitembea na upepo gani, na dawa ya kung'arisha inaficha nyufa. Na yale ya kipara yaliyochongwa mitaro mipya kwa kisu cha moto usiyaguse kabisa, kwa sababu mtaro umechongwa ndani ya mpira uliokuwa unalinda waya.

Hatua ya 8: Kununua na kufunga

Uliza bei ya jumla: matairi, kufunga, balansi, valvu mpya, alaimenti. Duka linalotaja bei ndogo ya tairi huwa linarudisha hela yake kwenye hayo mengine. Dai risiti ya EFD, na saizi na namba ya mzigo ziandikwe humo.

Gari la 4WD linataka matairi manne yanayolingana, chapa moja na kashata za kimo kimoja. Mbele na nyuma zikitofautiana kipenyo, ukiingiza 4WD kwenye ardhi ngumu isiyoteleza giaboksi na difu vinavutana, na matengenezo yake yatazidi bei ya matairi mawili uliyokwepa. Hela ikitosha mawili tu, yanunue yafanane na yaliyopo kwa aina na saizi, na yafungwe nyuma, ili gari lisizungushe mkia kwenye mvua.

Simama karibu wakati wa kufunga. Mdomo wa rimu usuguliwe kutu kabla ya tairi kuingia, maana kutu ndiyo inayovujisha upepo kidogo kidogo. Nati zikazwe kwa msalaba, moja na ya mkabala wake, na mkazo wa mwisho uwe kwa spana ya mkono. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena.

Hatua ya 9: Upepo

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Upepo unapanda tairi likipata joto, kwa hiyo ukipima mchana barabarani ukakuta umezidi, usitoe. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vya kwenye kompresa za barabarani vinatofautiana sana.

Ukiingia mchanga mlaini mwaloni, shusha mpaka 18 au 20 gari likiwa halina mzigo mkubwa, tembea taratibu bila kukata usukani ghafla, na ukitoka tu jaza tena. Kukimbia kwenye lami na upepo wa mchangani ndiko kunakopika ubavu kutoka ndani, na huoni chochote mpaka siku unapopasuka.

Hatua ya 10: Kilomita za mwanzo na zinazofuata

Kilomita mia chache za mwanzo usikimbie wala kukanyaga breki kwa nguvu, kwa sababu tairi jipya linateleza mpaka uso wake usuguke. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zungusha matairi: ya nyuma yaende mbele moja kwa moja, ya mbele yaende nyuma kwa kubadilishana upande, isipokuwa kama ubavuni kuna mshale wa mwelekeo. Spea ikiwa ya saizi na aina ileile, iingie kwenye mzunguko. Hata isipoingia, ishushe kutoka chini ya bodi kila unapozungusha mengine, upake grisi mnyororo wake, na uijaze upepo kuzidi kidogo yaliyo barabarani. Ukiipata pancha Nyehunge usiku, kupunguza upepo ni rahisi, kompresa ya kuongeza haipo.